Mpige picha kwanza, ndala baadaye

Nilipotea kidogo, testi zilinibana. Leo nina la moyoni.

Rumeti wangu aliamka siku moja na mstari mwekundu shingoni, kama kachapwa fimbo. Kesho yake malengelenge. Korido nzima ikaanza: "Mkanda wa jeshi huo!" Na mnajua watu wakisema hivyo kwa kunong'ona wanamaanisha nini. Jamaa akaacha kuja kula nasi, akawa anajifunga skafu na joto lote hili. Mimi, nakiri hapa, sikumtetea. Nilinyamaza, tena usiku nikahamisha taulo langu.

Kilichomwokoa ni picha. Siku mbili kabla alikuwa kapiga picha notsi zangu usiku ili anakili, na pembeni ya karatasi, chini ya taa, kuna kidudu. Akakumbuka kujipangusa kitu shingoni usiku uleule. Tukaikuza: kichwa cheusi, kifua rangi ya chungwa, mgongoni bluu inayong'aa. Programu ya simu ikasema eti ni sisimizi! Nikamtumia mshkaji anayesoma zuolojia. Akajibu: "Sisimizi ana kiuno chembamba, huyu hana. Angalia na magamba ya mabawa, yamekatikia katikati ya mgongo. Ni nzi wa Nairobi. Spishi gani, kwa picha hii siwezi kusema."

Kumbe hata si nzi, ni jamii ya mbawakawa, Paederus. Haumi wala hana mwiba. Sumu yake, pederini, imo mwilini mwake, inakupata ukimponda kwenye ngozi. Alama hutokea baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana mtu hakumbuki kitu. Hufuata taa, na huwa wengi baada ya mvua kubwa. Mwaka 2022 wanafunzi wapatao 100 wa chuo kimoja huko Sikkim, India, walipatwa hivyohivyo. Jamaa akaenda na picha kwa daktari, naye alipoangalia ile ngozi akakubali: ni mdudu.

Sasa kuna watu humu wanasema kupiga picha wadudu ni kazi ya wasio na kazi. Mimi nabisha. Jina sahihi ndilo lililomrudisha mwenzetu mezani. Ila jina la kubahatisha ni baya kuliko kukosa jina: simu ilibahatisha, na sisi tulibahatisha vibaya zaidi. Yule wa zuolojia aliishia pale picha ilipoishia, na huo ndio usomi. Buibui wengi, hata nondo kibao, huwezi kuwatenganisha spishi mpaka uangalie viungo vyao vya uzazi kwa darubini.

Kwa hiyo kabla ya ndala, picha. Piga ya juu na ya ubavuni, weka sarafu pembeni tujue ukubwa, andika tarehe na mahali. Akiwa nzi wa Nairobi kakutua, mpulize, usimponde. Ukishamponda, nawa kwa maji na sabuni, na usishike macho.

Shingo imepona. Taulo nimelirudisha, na msamaha nimeomba. Kanijibu "yaishe", ila ile skafu bado ipo kitandani kwake, na kila nikiiona naona aibu.

Haya, niwahi lekcha. Tutaonana!