Kikomo kitangulie maombi

Tunduma ni mji wa sarafu mbili. Shilingi na kwacha hubadilishana mikono tangu asubuhi kati ya upande wa Tanzania na Nakonde, Zambia, na biashara ya mpaka huo imezidi kupanuka tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe Oktoba 2019. Leo kijana wa hapo mwenye simu janja anaweza kumiliki na sarafu ya tatu, ile ya kidijitali. Akinunua ada, sarafu ya mtandao wa Cardano, anapata pia haki ya kupiga kura juu ya hazina ya pamoja, yeye mwenyewe au kupitia mwakilishi anayemchagua.

Mtandao wa namna hiyo hauna mkurugenzi wa kusaini hundi. Mwenye wazo huandika ombi, wenye sarafu hupiga kura, na likipita hazina hulipa. Huo ndio uzuri wa blokucheni, yaani daftari la pamoja la mtandaoni lisilo na mmiliki mmoja, na hapohapo ndipo hatari ilipo. Kila ombi, likisomwa peke yake, lina sababu ya kupewa. Asiyekuwepo kujitetea ni mwanachama wa miaka kumi ijayo atakayekuta hazina tupu.

Yaliyoikuta Polkadot, mtandao mwingine wa namna hiyo, yanatosha kuwa funzo. Katika miezi sita ya kwanza ya 2024, hazina ya mtandao huo ilitumia takriban dola za Marekani milioni 87, zaidi ya mara mbili ya nusu mwaka iliyotangulia. Karibu milioni 37 zilikwenda kwenye matangazo, udhamini na hafla. Hesabu ilipotolewa hadharani, zilikuwa zimebaki kama dola milioni 245, maana yake miaka miwili hivi kwa mwendo ule ule. Hakuna aliyevunja kufuli, maana malipo yalifuata utaratibu. Tena utaratibu wenyewe ulikuwa ukichochea matumizi, kwani kila baada ya siku 24 asilimia 1 ya fedha iliyokaa bila kutumika iliteketezwa. Ukiwaambia watu kwamba kisichotumika kitapotea, watakitafutia matumizi hata kama hayapo.

Cardano imechukua njia nyingine, na Afrika Mashariki ina mkono wake humo. Desemba 2024 wajumbe walikutana kwa wakati mmoja Buenos Aires, Argentina, na Nairobi, Kenya, kujadili na kupigia kura katiba ya mtandao huo, baada ya warsha zilizofanyika katika makumi ya nchi. Katiba hiyo, iliyoanza kutumika Februari 2025, inakataza kutoa chochote hazinani kabla wawakilishi hawajakubaliana, kwa zaidi ya nusu ya nguvu ya kura zao, juu ya kikomo cha matumizi ya kipindi husika. Ipo pia kamati yenye mamlaka ya kuzuia malipo yanayokiuka katiba. Kwa 2025 kikomo kilichopitishwa kilikuwa ada milioni 350, wakati hazina ilikuwa na zaidi ya ada bilioni 1.5.

Akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wa Tunduma na Vwawa hawahitaji kuelezwa mantiki hii. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Hisa huhesabiwa mbele ya wote, na mkopo wa mwanachama kwa kawaida hauzidi mara tatu ya hisa zake. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa, huwekwa kando. Mwenye shida hupokelewa kwa huruma, lakini kiwango kilikwishawekwa siku ambayo hakuna aliyekuwa na shida, na kwa hiyo hakuna anayeonewa wala kupendelewa.

Hazina za mtandaoni zina mtihani mmoja ambao sanduku la VICOBA halina, nao ni bei. Mfanyabiashara anayeuza kwa kwacha huku deni lake ni la shilingi anajua jinsi faida inavyoyeyuka kabla hajafika nyumbani. Hazina inayolipa wahandisi kwa bei ya dola lakini akiba yake ni sarafu yake yenyewe iko katika hali hiyo hiyo: bei ikianguka, kazi ile ile inameza sarafu nyingi zaidi. Kwa hiyo kikomo kinachotajwa kwa idadi ya sarafu peke yake hakitoshi. Kipimwe dhidi ya mapato. Cardano hupeleka hazinani asilimia 20 ya fungu la zawadi za wanaoendesha mtandao kila baada ya siku 5, lakini sehemu kubwa ya fungu hilo hutoka kwenye akiba nyingine, tofauti na hazina, ambayo inapungua. Mapato yakishuka, kikomo nacho hakina budi kushuka.

Wapo wanaosema kikomo kinaua ubunifu, kwamba mradi mzuri ukichelewa mwaka mmoja washindani watakuwa wamefika mbali. Hoja hiyo ina uzito, na dawa yake ni kutenga fungu la dharura ndani ya kikomo. Kuacha mlango wazi si dawa.

Kwa Mtanzania jambo hili ni zito zaidi. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba shilingi ndiyo fedha pekee halali nchini. Sheria ya Fedha ya 2024 imeleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali, lakini kutozwa kodi si kulindwa. Hazina ya mtandao ikifujwa, mwenye ada wa Tunduma hana ofisi ya kupeleka malalamiko. Kinga aliyonayo ni kura yake, na kura hiyo mara nyingi ameikabidhi kwa mwakilishi asiyewahi kumuuliza neno. Amuulize sasa: kikomo kilipopigiwa kura, yeye alisimama upande gani? Asipopata jibu, ahamishie kura yake kwa mwingine.