NYUMBA NI YA WAWILI, HESABU NAYO IWE YA WAWILI

MSIMU wa kuuza pamba unapofika hapa Mhunze na katika vijiji vya Kishapu, huja pamoja na msimu mwingine usioandikwa katika kalenda yoyote, nao ni msimu wa kutengeneza nyumba. Mvua zimekatika, barabara zimekauka, mafundi wanapatikana, na fedha iliyosubiriwa tangu mbegu ilipofukiwa ardhini imeingia. Ndipo utaona bati, mifuko ya saruji na ndoo za rangi zikipita juu ya mikokoteni na pikipiki za mizigo, kutoka madukani kuelekea majumbani.

Hilo kwa asili yake ni jambo la kheri. Nyumba ni katika neema ambazo Allah (s.w.t) amewakumbusha waja wake katika Suratun-Nahl, kwamba ameifanya kuwa mahali pa utulivu. Wala pambo halikuharamishwa kwa Muislamu. Katika Suratul-A'raf wamekemewa wale wanaojiharamishia wenyewe yale mazuri ambayo Mola wao amewatolea. Kwa hiyo hatuandiki haya ili kumlaumu mume anayetaka sebule yake ing'ae, wala mke anayetamani mapazia mapya. Tunaandika kuhusu namna mambo hayo yanavyoamuliwa, kwani hapo ndipo penye maradhi.

Inasikitisha kuona kuwa katika nyumba nyingi uamuzi hufanywa na mtu mmoja, tena akiwa amesimama mbele ya kaunta ya duka. Mume anapokea fedha ya pamba, anapita dukani, anarudi na ndoo mbili za rangi kwa sababu jirani naye amepaka. Mke, kwa upande wake, anachukua mkopo kimyakimya ili anunue makochi, akitaraji kuulipa kwa biashara ndogo. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Ifikapo Januari, mvua imeshaingia kupitia bati lilelile bovu, rangi imebanduka, mtoto anahitaji sare ya shule, na mwenye kudai amekaa barazani.

Dini yetu imetuonesha njia iliyo bora kuliko hiyo. Allah (s.w.t) amewasifu waumini kuwa mambo yao huendeshwa kwa kushauriana. Na katika Suratul-Baqara, hata suala la kumwachisha mtoto ziwa limewekwa katika maridhiano na mashauriano ya wazazi wawili. Ikiwa jambo la mtoto kunyonya linashauriwa, basi vipi jambo la paa litakalowafunika watoto wote lisishauriwe?

Aidha, ni vyema tukakumbushana fedha hiyo imetoka wapi. Pamba ya Kishapu haikupandwa na mwanamume peke yake. Mke ameipanda, ameipalilia, ameichuma tumba kwa tumba, na akirudi shambani ameteka maji na kupika. Mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia. Lakini mahakama hiyohiyo haikumpa Bi Hawa fungu katika nyumba, kwa kuwa fedha aliyopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia haikutumika inavyostahiki. Hatulitaji shauri hili ili kuwahimiza watu kukimbilia mahakamani. Tunalitaja kwa sababu lina funzo kwa pande zote mbili: jasho la mke lina thamani, na amana mikononi mwa mke nayo ina hesabu.

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe. Tuchukue mfano wa mume na mke waliopata shilingi 1,500,000 baada ya mauzo. Kosa la kwanza ni kuitazama fedha yote kama fedha ya nyumba. Waketi usiku, watoto wakiwa wamelala, na daftari mbele yao. Waondoe kwanza madeni, zaka iliyowajibika, chakula cha kuwafikisha mavuno yajayo, mbegu na dawa za msimu mpya, ada na sare za watoto, na akiba ya ugonjwa. Huenda kikabaki kiasi cha shilingi 500,000. Hiyo ndiyo fedha ya nyumba, wala si zaidi. Nayo waigawe mafungu kumi: tisa ya kazi, na moja lisiguswe mpaka mwisho, kwa kuwa hakuna ukarabati usiokuja na jambo lisilotarajiwa. Unapofungua dari unakuta mchwa wamekula mbao za kenchi, na hapo ndipo fungu la kumi linapookoa heshima ya familia.

Baada ya kiasi, lifuate suala la kipi kitangulie. Sisi tunasema: kitangulie kile kinachozuia maji, kifuate kile kinacholinda afya, na pambo liwe la mwisho. Wakazi wa Kishapu wanaujua udongo wetu mweusi wa mbuga. Ukinywa maji hupanuka, ukikauka husinyaa na kupasuka, na nyumba iliyosimama juu yake huvutwa huku na huku mwaka hadi mwaka. Nyufa nyingi tunazozipaka rangi chanzo chake si ukuta bali ni maji yanayotoka paani na kutuama kwenye msingi. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuziba ufa huku maji yangali yanaingia chini ya msingi ni kuutafutia ufa mahali pengine pa kutokea.

Kwa hiyo, kabla ya dari ya jipsamu, yawepo mabati mazima na mifereji ya kukinga maji pembeni mwa paa, na mtaro wa kuyapeleka mbali na msingi. Mifereji hiyo ina faida ya pili ambayo wengi hawaipigii hesabu. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya eneo la mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Nyumba ambayo paa lake linafunika mita 8 kwa 10 ina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 10 tu hutiririsha lita 800 kutoka kwenye paa hilo. Hata baadhi yakipotea, ni madumu mengi ambayo mama na binti hawatayabeba kichwani. Katika wilaya kavu kama yetu, mfereji wa bati ni pambo lenye thamani kuliko taa za rangi sebuleni.

Yakishadhibitiwa maji, ije sakafu, choo, madirisha ya kupitisha hewa, na jiko lisilojaza moshi ndani. Kisha plasta, nayo iachwe ikauke barabara kabla ya kupakwa rangi, kwa sababu rangi juu ya ukuta wenye unyevu hubanduka. Hata rangi ina hesabu yake. Chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.7, kina takriban mita za mraba 34 za ukuta ukiondoa mlango na dirisha. Kwa ukuta laini, lita moja hupaka kiasi cha mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili inahitaji karibu lita 7. Ndoo ya lita 20 yatosha vyumba viwili vya namna hiyo na kubaki. Anayejua hesabu hii hatauziwa ndoo mbili pale inapotosha moja. Na kwa bati, ikumbukwe kuwa kadiri namba ya geji inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba: la geji 32 ni rahisi kwa bei, lakini ni jembamba kuliko la geji 28.

Lipo pia suala la fundi. Makubaliano yaandikwe: kazi gani, kwa siku ngapi, kwa ujira gani, nani ananunua vifaa, na malipo yatolewe kwa hatua. Fundi naye ana haki ya kulipwa mara amalizapo, asizungushwe. Tena asiruhusiwe kubomoa ukuta kwa ajili ya kupanua sebule bila kujua ukuta huo umebeba nini. Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Iliripotiwa kuwa kulikuwa na kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo hilo. Nyumba zetu si ghorofa, lakini ukuta uliobeba paa ni uleule, uwe Kariakoo au Mhunze.

Sasa tufike kwenye donda lenyewe, yaani mikopo. Wananchi wenyewe wameipa baadhi ya mikopo hiyo jina la "kausha damu", na jina hilo linatosha kuwa maelezo. Tuchukue mtu aliyekopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi ili anunue taili na mapazia. Kila mwezi anadaiwa shilingi 60,000 za riba pekee. Kwa miezi mitano atakuwa ametoa shilingi 300,000, na deni lake la msingi bado limesimama palepale. Taili zimemgharimu mara mbili, na bado si zake kwa amani. Uharamu wa riba umo katika aya zinazojulikana za Suratul-Baqara na hauhitaji kurefushwa hapa. Tunachosema ni kuwa dharura haidaiwi kwa ajili ya pambo. Sebule isiyo na taili haijapata kumuua mtu.

Njia ya halali ni ya polepole, lakini haivunji nyumba. Mwaka huu paa na mifereji, mwaka ujao sakafu na plasta, mwaka wa tatu rangi na mapazia. Fedha ya dengu na choroko inunue mifuko michache ya saruji itakayotumika mara moja, kwani saruji ikikaa mvua mpaka mvua huganda. Bati na misumari vinaweza kungoja mahali pakavu. Wale wenye upatu usio na riba wapange zamu zao ziangukie wakati wa kiangazi.

Jambo jingine ambalo huonewa haya ni fedha ya mke. Katika sheria ya Kiislamu makazi ni jukumu la mume, na mali ya mke ni yake. Akitoa fedha yake kununulia bati, je, ni zawadi, ni deni, au ni ushirika katika nyumba? Waliseme hilo siku hiyohiyo wakiwa wanapendana, na waliandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyomo katika Suratul-Baqara, ni ya kuandikiana deni. Migogoro mingi ya mirathi na talaka huzaliwa na ukimya wa siku kama hiyo. Aidha, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mwenye kuiweka nyumba dhamana kwa siri anavunja amana ya nyumbani na anavunja sheria ya nchi.

Maneno haya yanawahusu pia ndugu zetu walioko kwenye machimbo ya Geita, Kakola na kwingineko. Fedha ya pamba huja mara moja kwa mwaka, ya dhahabu huja siku isiyojulikana, na zote mbili huondoka kwa kasi ileile zisipopangwa kabla hazijaingia. Mchimbaji ambaye mkewe yuko Mhunze ana simu mkononi. Asiagize mafundi kupitia kwa rafiki huku mwenye kulala chini ya paa hilo hajaulizwa linapovuja.

Tunatoa wito kwa maimamu na makhatibu: walau khutba moja kabla ya masoko ya pamba kufunguliwa izungumzie matumizi na mashauriano ya wanandoa. Suratul-Furqan imewasifu waja wa Rahmani kuwa matumizi yao hayana israfu wala ubahili, bali yako katikati. Kamati za misikiti nazo ziangalie uwezekano wa mfuko mdogo wa kukopeshana bila riba kwa ajili ya paa linalovuja na choo kilichobomoka. Na mafundi waliomo katika safu zetu za swala wajitolee kuwapigia hesabu majirani kabla hawajakwenda dukani. Hiyo nayo ni sadaka.

Nyumba isiyo na rangi lakini haina deni wala siri hulalika. Tunamuomba Allah (s.w.t) azifanye nyumba zetu kuwa mahali pa utulivu, abariki mavuno yetu, na awajaalie waume na wake kuwa washauri wema wa wenzao. Amin.