Ganda la risasi si chuma chakavu tu

Mwezi uliopita nilipanda basi dogo Gitega alfajiri, nikapitia Karuzi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Muyinga. Katika banda la mnunuzi wa chuma chakavu nilikuta gunia la sufuria mbovu na vipande vya mabomba. Chini kabisa kulikuwa na maganda ya risasi yaliyoshika udongo. Aliyeyaleta ni mkulima aliyerejea kutoka kambi ya Tanzania, ambaye aliyaokota akifyeka shamba lake la zamani.

Mnunuzi akaniuliza: "Kaka, nikiyavusha Kobero kuna kosa?"

Swali ni dogo, lakini jibu lake laweza kumfunga mtu.

Itifaki ya Nairobi ya Aprili 21, 2004, ambayo Burundi na Tanzania zote zilitia saini, haihesabu risasi nzima peke yake. Inataja pia ganda, fataki, baruti na kichwa cha risasi, pale ambapo sheria ya nchi husika inataka kibali kwa vitu hivyo. Kwa hiyo kinachoitwa skrepa upande mmoja wa mpaka, upande wa pili chaweza kuitwa risasi.

Sababu ni kwamba ganda hutumika tena. Marekani wapenda bunduki hujaza maganda nyumbani, na wengine huyabadili umbo ili risasi iende kasi kuliko ile ya dukani. Risasi ya .22-250 ilianza hivyo miaka ya 1930, hadi kampuni ya Remington ilipoanza kuiuza rasmi mwaka 1965. Hata huko mwenye kuzidisha baruti huweza kupasukiwa na bunduki usoni.

Je, hofu hiyo inatuhusu sisi? Kwa maoni yangu, ni kidogo sana. Maganda mengi ya AK-47 ni ya chuma, na kitako chake kimeundwa kwa fataki isiyobadilishwa kirahisi. Risasi zilizotuua wakati wa vita hazikujazwa uani kwa mtu. Zilitoka viwandani, zikapita maghalani, kisha zikavuja. Hata kanda yetu ina viwanda vyake: Eldoret nchini Kenya, Nakasongola nchini Uganda, na Mzinga huko Morogoro.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Kwa kawaida kitako cha ganda la kijeshi huwa na alama ya kiwanda na mwaka. Ganda ni shahidi, na likiyeyushwa, ushahidi umepotea. Dunia yenyewe ilichelewa kuliona hilo. Makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2005 kuhusu kufuatilia silaha ndogo yaliiacha risasi nje, na utaratibu wa kimataifa wa kusimamia risasi ulipitishwa Desemba 2023 tu.

Kumbana mkulima aliyeokota maganda huku mlango wa ghala uko wazi ni kumkimbiza panya na kumwacha fisi zizini. Mwaka 2009 Burundi iliwapa raia waliosalimisha silaha vifaa vya matumizi badala ya adhabu. Busara ile ifike hadi kwenye maganda. Aliyeokota asihesabiwe sawa na aliyeficha, na sheria ibandikwe pale Kobero kwa Kirundi na Kiswahili, kila mchuuzi aisome kabla ya kupanga foleni.

Nawe uliyerejea, ukikuta maganda shambani usiyaguse. Kati yake huenda imo risasi nzima, au guruneti. Weka alama mahali hapo, umwite kiongozi wa kilima.

Nilimjibu yule mnunuzi: usivushe, na usiyeyushe. Akayatenga kwenye kopo, akaanza kupima sufuria. Aliniuliza sasa ampelekee nani kopo lile. Swali hilo nalielekeza kwa wakubwa wetu, kwa sababu akienda nalo kituoni leo, hana hakika kama atarudi nyumbani jioni.