NDEGE WA NCHI YETU: Kasuku Wadogo wa Ngong Road

Msomaji wetu mmoja akaaye karibu na Adams Arcade, Nairobi, atuuliza habari za ndege wadogo wa rangi nyingi wapitao asubuhi kwa kundi wakipiga kelele. Ataka kujua ni ndege gani, na kama yafaa mwanawe amnase mmoja amfuge.

Hao ni kasuku wadogo. Urefu wao ni kama sentimeta 15 tu, nao huruka kwa kasi, na hutaga katika matundu ya miti. Ukitaka kuwatambua, tazama kichwa. Mwenye uso wa rangi ya chungwa iliyoiva ni kasuku wa Fischer. Mwenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano ni wa aina ya pili. Wote wana mabawa ya kijani, mdomo mwekundu, na duara nyeupe kulizunguka jicho. Ukimwona mwenye kichwa cha hudhurungi, asiyefanana sawasawa na huyu wala yule, yamkini ni chotara, maana aina hizi mbili huzaana. Huko Naivasha machotara ni wengi.

Asili ya kasuku hawa ni Tanzania: wa Fischer upande wa kusini wa Ziwa Victoria na Serengeti, wenzao katika nyika za kati. Walioko Nairobi ni kizazi cha ndege waliotoroka vizimbani au kufunguliwa. Biashara ya vizimba iliwadhuru sana kwao. Katika miaka ya 1980 kasuku wa Fischer walinaswa kwa maelfu mengi wakauzwa ng'ambo, na idadi yao ikapungua.

Kasuku wa asili wa misitu ya milima ya Kenya ni mwingine: mkubwa karibu mara mbili, wa kijani, mwenye paji la rangi ya chungwa. Yeye hula matunda ya podo na mizeituni ya mwitu. Miti mikubwa ya kale ikikatwa, hukosa chakula na tundu la kutagia.

Basi, jibu letu ni hili: mwana asinase ndege. Sheria ya Kenya haimruhusu mtu kukamata ndege wa porini bila kibali. Naye mwenye kasuku kizimbani asimfungulie ovyo. Bwana, mpe mwanao daftari na kalamu, aandike kila asubuhi ni wangapi wamepita, na vichwa vyao vina rangi gani. Atajifunza mengi, na ndege hatapungua hata mmoja.