Yowe la simu litaitikiwa na nani?

Kwa miaka kadhaa sasa vijana wetu waliosomea kompyuta wamekuwa wakibuni programu za simu zinazokusudiwa kumwezesha mwanamke aliyevamiwa, au anayeona dalili za kuvamiwa, aite msaada kwa kubonyeza kitufe kimoja tu. Hapana shaka kwamba nia yao ni njema, na anayewabeza hajapata kulala peke yake katika nyumba ambayo mlango wake hufungwa kwa komeo la mti. Lakini programu nyingi kati ya hizo hubuniwa na kujaribiwa mjini, mahali ambapo simu ina chaji, mtandao upo, na gari la polisi laweza kufika. Swali tunalopenda kulizungumza na watumishi wa Serikali na walimu wa nyanda za juu za Kigoma ni hili: kitufe hicho kikibonyezwa Mabamba kule Kibondo, au Makere kule Kasulu, saa nane ya usiku, nani ataitika?

Wazee wetu hawakuwa na simu, lakini walikuwa na yowe, na yowe lilikuwa na sheria yake. Aliyelisikia usiku aliwajibika kutoka na silaha yake na kulipokea, yaani naye apige yowe ili majirani wa mbali zaidi wasikie. Asiyetoka alidaiwa maelezo asubuhi. Desturi hiyo ndiyo iliyotiwa nguvu mpya na Sungusungu waliozuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipotumia filimbi na mayowe kuwaandama wezi wa ng'ombe. Yamesemwa mengi juu ya makosa ya Sungusungu, na mengine ni ya kweli. Vikongwe walioshukiwa uchawi ndio walioyajua zaidi. Hata hivyo katika jambo moja hawakukosea. Walitambua kwamba nguvu ya yowe haimo katika koo la anayelipiga, bali katika wajibu wa anayelisikia.

Wabunifu wetu wa programu wameshughulikia sana koo. Wameongeza ramani, picha, king'ora na rangi nyekundu. Sikio wameliacha lijitafutie njia.

Nyanda hizi zina historia chungu inayotufundisha jambo hili. Tangu Warundi walipoikimbia nchi yao kwa makundi makubwa mwaka 1993, na Wakongo kuanzia mwaka 1996 ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, wanawake walilazimika kutoka kambini kwenda porini kutafuta kuni. Chakula kiligawiwa kambini, lakini maharage hayaivi kwa jua. Huko porini wengi walivamiwa. Mwezi Mei 1999, wilayani Kasulu, kundi la wanawake wakimbizi wa Kirundi waliokwenda kutafuta kuni lilivamiwa na wanaume wenyeji na wanawake hao wakabakwa. Kwa mujibu wa ripoti iliyotolewa mwaka 2000 na shirika la Human Rights Watch, walikuwa wapatao 50. Baadhi ya watuhumiwa walikamatwa na kufikishwa mahakamani, lakini hakimu akaifuta kesi baada ya mwendesha mashtaka kuchelewa kufika.

Msomaji na afikiri kwa makini juu ya kesi hiyo. Wanawake wale hawakunyamaza. Walisema, wakasikiwa, watu wakakamatwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilikuwa imekwisha kupitishwa na Bunge mwaka mmoja kabla, 1998, na ilikuwa kali. Kilichokosekana ni mtumishi mmoja kufika mahali pake kwa saa yake. Hakuna programu ya simu, hata ikibuniwa na malaika, itakayoziba pengo la namna hiyo.

Wapo watakaosema kwamba hayo yalikuwa mambo ya kambini na ya zamani. Si kweli. Mwaka 2019 wanawake wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, wasio wakimbizi na wasioishi porini, walijitokeza hadharani kueleza jinsi walivyoingiliwa majumbani usiku na wanaume waliojipaka mafuta mwilini ili wasikamatike. Wananchi waliwapa watu hao jina la ``teleza''. Jina hilo lilichekesha wengine, na kicheko hicho kilikuwa sehemu ya msiba wenyewe. Aliyevamiwa alikuwa mara nyingi mwanamke anayeishi bila mume, na kwa mtu kama huyo jirani huwa mwepesi wa kuuliza alimfungulia nani mlango kabla ya kuuliza kama ameumia.

Na tusijidanganye kwamba adui ni mgeni wa usiku peke yake. Utafiti wa Taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15. Katika utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 27. Kupungua huko ni jambo la kushukuru. Lakini mpigaji mkuu wa mwanamke aliyeolewa ni mume wake, naye ndiye, katika nyumba nyingi za vijijini, mwenye simu. Laini ya mke imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume, simu ni moja, nayo jioni hulala chini ya mto wa baba. Kwa nyumba kama hiyo, programu inayoonyesha nembo ya ulinzi wa wanawake kwenye kioo cha simu yaweza kuwa sababu ya kipigo kipya.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya kubuni chombo cha kuitia msaada Kibondo na Kasulu, hatuna budi kuanza na simu iliyopo mkononi, nayo ni kitochi. Mama anayelima mihogo na maharage Kifura hana simu ya kioo, na akiwa nayo hana bando. Lakini anajua kubonyeza nyota, namba na reli, kwa kuwa ndivyo anavyopokea na kutuma fedha kila wiki. Njia hiyo haihitaji intaneti. Inafanya kazi hata pale ambapo mnara unashika kwa taabu, na haiachi picha wala nembo kwenye simu. Programu ya simu za kioo yaweza kufuata baadaye, kwa ajili ya walimu, waganga na wanafunzi wa vyuo.

India walipitia njia hii kabla yetu. Baada ya msichana kubakwa na genge la wanaume ndani ya basi mjini Delhi mwezi Desemba 2012 na kufa kwa majeraha, taifa lile lilitikisika. Polisi wa Delhi walizindua programu yao ya simu za kioo mwaka 2015. Mji una mamilioni ya wanawake, nayo ikatumiwa na wachache mno. Mwaka 2016 Serikali ya India ikatunga kanuni ya kuwataka watengenezaji waweke kitufe cha hatari katika simu zote zitakazouzwa, hata zile za vitufe, ambapo mtu angebonyeza namba 5 au 9 kwa muda mrefu. Fikra hiyo ya pili ilikuwa bora kuliko ya kwanza, kwa sababu ilimkumbuka mwenye simu ya bei ndogo. Lakini hata huko kitufe kilitangulia, na vituo vya kuupokea wito vikafuata polepole, jimbo baada ya jimbo, kuanzia mwaka 2018.

Sasa tumfikirie mwalimu wa kike aliyepangiwa shule ya msingi iliyo mbali na barabara kuu. Ana miaka 25, amepanga chumba kwa mjane mmoja, na kwao ni mbali. Anasikia dirisha likisukumwa. Simu ikipiga king'ora mkononi mwake, aliye nje atajua kwamba ameita, na pengine ataharakisha kufanya alilolijia. Afadhali simu yake ikae kimya, na kelele zitokee kwenye simu za watu watano ambao yeye mwenyewe aliwachagua akiwa na akili tulivu. Wa kwanza kuamka abonyeze kuonyesha kwamba anakuja, na jibu hilo limfikie mwalimu kwa mtetemo tu, kwa sababu mtu aliyejua kwamba msaada uko njiani hushikilia mlango kwa nguvu nyingine. Dakika tatu zikipita pasipo jibu, wito uende kwa mwenyekiti wa kitongoji na mgambo, kisha polisi. Porini kwenye kuni mambo ni kinyume: huko kelele ndizo zinazofukuza, na filimbi ya shilingi mia chache inaishinda simu.

Nimesema ``aliowachagua yeye mwenyewe'' kwa makusudi. Mpango wa Taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka 2017/18, uliagiza ziundwe kamati za ulinzi kuanzia ngazi ya taifa hadi kijijini, na ni rahisi mno kwa mbunifu wa mjini kuchukua orodha ya kamati na kuiingiza yote katika mashine yake. Lakini kijijini watu ni ndugu. Mjumbe wa kamati aweza kuwa shemeji wa mwanamke anayeomba msaada, au baba mkwe wake, au mwenyewe ndiye aliye dirishani. Vilevile wengi bado humtaja balozi wa nyumba kumi kama mtu wa kwanza wa kukimbiliwa. Na kweli mara nyingi ndiye anayetoka. Ikumbukwe tu kwamba tangu mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, balozi ni kiongozi wa chama na si mtumishi wa Serikali. Aitwe kwa ujirani wake, lakini anayewajibika kwa sheria ni mwingine, na jina la huyo mwingine lazima liwe limeandikwa.

Mahali nako kuna tabu yake. Ramani ya simu kijijini huonyesha nukta katikati ya rangi ya kijani. Kwa bahati njema, mwaka 2022 Operesheni ya Anwani za Makazi ilizipa nyumba zetu namba, na vibao vilibandikwa hata mahali ambapo watu walivicheka. Namba hiyo ikisajiliwa pamoja na namba ya simu, mgambo ataambiwa nyumba ipi badala ya kuambiwa ``kule kwenye mwembe''. Lakini daftari la majina ya wanawake wanaoishi peke yao, pamoja na namba za nyumba zao, ni kitu cha hatari kuliko bunduki likiangukia mikono mibaya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na wabunifu waulizwe mapema ni nani atakayelitunza daftari hilo, na nani hataruhusiwa kulifungua.

Na lugha. Mtu aliyeshikwa na hofu husema lugha ya mama yake. Huku ni Kiha, na kwa wengi waliovuka mpaka ni Kirundi, ambazo kwa bahati zinasikilizana. Sauti inayomjibu ikiwa ya Kiswahili cha redioni tu, bibi wa Heru Juu atadhani amekosea namba.

Yako pia masaa baada ya uvamizi, ambayo programu nyingi huyasahau kabisa. Dawa za kumkinga aliyebakwa na maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazina budi kuanza kutumiwa ndani ya saa 72, na zikiwahi zaidi ndiyo bora. Ushahidi hupotea kwa kuoga. Mwanamke anahitaji kuambiwa mambo hayo mawili mara moja, kwa maneno machache, na aambiwe pia aende kituo gani cha afya na dawati gani la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, na jinsi ya kupata fomu ya PF3. Namba 112 ya polisi na 116 ya msaada kwa watoto zipo na hazitozwi fedha. Nina hakika wapo walimu wengi ambao hawajapata kuiandika 116 ubaoni hata mara moja, na kazi hiyo haihitaji mfadhili.

Wafadhili hupenda kulipia programu, kwa kuwa hupigwa picha vizuri siku ya uzinduzi. Mafuta ya pikipiki ya askari wa kata hayapigwi picha. Maafisa mipango wa halmashauri zetu za Kibondo na Kasulu, wanapoletewa mradi wa namna hii, waulize kwanza fungu la mafuta, la chaji ya umeme wa jua na la posho ya mgambo limewekwa wapi, na kwa miaka mingapi. Waagize vilevile kila wito uandikwe: umepigwa saa ngapi, nani aliitika, alifika baada ya dakika ngapi. Hesabu hiyo, bila majina ya wanawake, isomwe kila robo mwaka katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, mbele ya wale waliotakiwa kufika na hawakufika.

Wala si lazima kusubiri mradi. Mtendaji wa kata na walimu wakuu wake waweza kuanza wiki hii kwa daftari la kawaida la shule: kila kitongoji majina matano, wawili angalau wawe wanawake, namba zao za simu, umbali wao kutoka nyumba za walimu na kutoka njia ya kuni, na saa ambazo simu zao huwa zimezimwa. Vijana wa kompyuta watakapofika na programu yao, wapewe daftari hilo walisome kabla hawajafungua mashine.