Msimu Si Siku Moja: Olunga, Ligi ya Japani na Saa Yetu ya Michezo

Nimeomba nafasi hii si kuwasimulia kandanda tu, maana najua wako wanaofunua ukurasa mwingine mara tu wakiliona neno hilo. Nataka kusema juu ya jambo linalotugusa sote, aliye uwanjani na aliye maktabani. Tangu muhula wa kwanza, wanafunzi wa kidato cha nne hapa shuleni hawashuki tena uwanjani saa kumi jioni. Kengele ya michezo ikilia, wao hubaki darasani kwa marudio. Na sasa inasemekana kwamba mwakani sisi wa kidato cha tatu tukivuka, zamu ni yetu. Wako wanaoshangilia, na wako wanaonung'unika mabwenini taa zikishazimwa. Mimi nimeonelea niseme mchana kweupe: napinga. Na shahidi wangu namtoa mbali, huko Japani.

Mtaniuliza, mbona Japani? Si tuna ligi yetu hapa? Tunayo. Lakini msimu mmoja wa ligi ya Japani, ule wa mwaka 2020, una mambo mawili ambayo shule yetu ingefaa iyatafakari kabla ya kutufungia ndani. Tena mambo yenyewe yanamhusu kijana wetu wa Nairobi.

Ligi ya kulipwa ya Japani ilianza mwaka 1993 ikiwa na timu 10. Kufikia 2020 daraja la juu, liitwalo J1, lilikuwa na timu 18, na kila timu ilicheza mechi 34, nyumbani na ugenini. Msimu ule ulifunguliwa Februari. Raundi moja tu ikachezwa, korona ikaingia, milango ikafungwa. Mnaukumbuka mwaka ule. Hapa Kenya shule zilifungwa Machi. Madarasa ya mitihani yakarudi Oktoba, na sisi wengine tulikaa nyumbani hadi Januari 2021. Huko Japani mpira ulirejea Julai 4. Mechi za kwanza zilichezwa mbele ya viti vitupu. Mashabiki waliporuhusiwa, walikuwa wachache na walikatazwa kuimba na kupiga mayowe. Kwa kuwa mechi zilifuatana mbiombio, kila timu iliruhusiwa kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu, na ikaamuliwa kwamba mwaka huo hakuna timu itakayoshushwa daraja.

Katika msimu huo wa kimya, Michael Olunga wa timu ya Kashiwa Reysol alicheza mechi 32 na kutia kimiani mabao 28. Aliyemfuata, Mbrazili Everaldo wa Kashima Antlers, alifunga 18. Tofauti ya mabao kumi, jamani! Timu yake ilimaliza ya saba. Mabingwa walikuwa Kawasaki Frontale, waliojinyakulia pointi 83 na mabao 88, na kutwaa kombe zikiwa zimebaki mechi nne. Walitamba hivi kwamba katika kikosi cha wachezaji kumi na mmoja bora wa mwaka, tisa walitoka kwao. Lakini tuzo ya mchezaji bora wa msimu mzima haikwenda Kawasaki. Ilikwenda kwa Mkenya wa timu ya saba. Mwafrika mwingine, Patrick Mboma wa Kameruni, aliwahi kuwa mfungaji bora huko mwaka 1997 akiwa na Gamba Osaka kwa mabao 25. Lakini tuzo ya mchezaji bora hakuna Mwafrika aliyekuwa ameipata kabla ya Olunga.

Sasa jambo la kwanza. Watu wakimtaja Olunga na Japani, wengi hukimbilia hadithi ya siku moja. Novemba 24, 2019, siku ya mwisho ya daraja la pili, Kashiwa iliichapa Kyoto Sanga mabao 13 kwa 1, na Olunga peke yake akafunga manane. Naam, manane! Hata katika mechi zetu za vidato, ambapo mlinda lango huvaa ndala, sijaona mtu akifunga manane. Lakini ulizeni: je, mabao hayo manane ndiyo yaliyompa tuzo? La hasha. Tuzo ilikuja mwaka mmoja baadaye, kwa kazi ya msimu mzima, Jumamosi baada ya Jumamosi, na Jumatano juu yake, akifunga moja leo, mawili kesho, na siku nyingine akirudi nyumbani mikono mitupu.

Tena yako ya nyuma yasiyosimuliwa sana. Olunga alifika Kashiwa katikati ya mwaka 2018. Msimu huo timu ilimaliza ya 17 kati ya timu 18, ikashuka daraja, naye alikuwa amefunga mabao matatu tu. Angeweza kufunga virago. Alibaki, akacheza daraja la pili mwaka 2019, akafunga mabao 27, timu ikachukua ubingwa wa daraja hilo na kupanda tena. Ndipo ukaja mwaka 2020. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, na hapa kibaba kilijazwa kwa miaka miwili na nusu.

Wenzangu, huo ndio msimu. Sisi hapa shuleni tumezoea siku moja. Katika michezo tunakwenda kwenye mashindano ya kaunti ndogo, tunafungwa mechi moja, tunapanda basi kurudi nyumbani, na mpira umekwisha hadi mwaka ujao. Katika masomo ni vivyo hivyo: tunalala kidato cha kwanza, tunasinzia cha pili, tunafikicha macho cha tatu, halafu cha nne tunataka kufunga mabao manane kwa siku moja. Na shule, badala ya kutuamsha mapema, inatusaidia katika kosa hilo hilo. Inachukua saa moja ya jioni mwaka wa mwisho kana kwamba saa hiyo ndiyo iliyotuangusha miaka mitatu. Mwanafunzi ambaye hakufungua daftari la kemia tangu kidato cha pili hataokolewa na saa ya michezo. Atakaa pale darasani, macho dirishani, akihesabu ndege. Nenda kidato cha nne saa kumi na nusu jioni ujionee mwenyewe: watano wanasoma, kumi wanapiga soga, waliobaki wamelaza vichwa juu ya madawati.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Wako walimu wetu, na nawaheshimu sana, wanaosema mpira na vitabu ni paka na panya, haviwezi kukaa nyumba moja. Nawaomba waangalie tena msimu ule ule. Olunga alisoma Upper Hill, Nairobi, kisha akasomea uhandisi wa upimaji ardhi kwa mitambo ya kisasa katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Wakati huo alikuwa akicheza ligi kuu yetu. Mwaka 2015 aliifungia Gor Mahia mabao 19, na Gor ikatwaa ubingwa bila kupoteza hata mechi moja. Mashabiki hawakumbandika jina la Injinia kwa mzaha.

Mtasema huyo ni mmoja. Haya, twendeni kwa mabingwa wenyewe. Kati ya wale tisa wa Kawasaki waliokuwa katika kikosi bora cha mwaka, wanne walipitia chuo kikuu kabla ya kucheza mpira wa kulipwa: nahodha Taniguchi, kiungo Morita, beki Yamane, na winga Mitoma. Kengo Nakamura, mkongwe aliyestaafu mwisho wa msimu huo akiwa ameichezea Kawasaki tangu 2003, naye alitoka chuo kikuu. Lakini anayenivutia zaidi ni Kaoru Mitoma. Huyu alilelewa katika timu ya vijana ya Kawasaki, na alipomaliza shule ya upili aliitwa ajiunge na wakubwa. Akasema, ngojeni kwanza. Akaenda Chuo Kikuu cha Tsukuba, na kazi yake ya kuhitimu ikawa utafiti juu ya kupiga chenga! Alirudi Kawasaki mwaka 2020, na katika msimu wake wa kwanza akafunga mabao 13. Chenga alizozichunguza kwa kalamu akazipiga kwa miguu. Nani basi aliyetuambia kwamba kichwa na mguu ni maadui?

Hapa nawageukia na wanafunzi wenzangu, maana msasi asione swala wa upande mmoja tu. Kuna vijana hapa, siwataji, wenye jina la Olunga mgongoni na sifuri kwenye hisabati. Ukiwauliza kulikoni, wanakwambia, "Wacha bwana, mimi nitacheza Ulaya." Wee! Mnamshika Olunga kwa mguu na kumwacha kichwa. Yeye mwenyewe, pamoja na kipaji chote kile, hakuvitupa vitabu. Itakuwaje wewe ambaye hata timu ya bweni unachezea akiba? Kutetea saa ya michezo si kutetea uvivu, na anayeikimbilia saa hiyo ili aukwepe mtihani asinihesabu upande wake.

Najua hoja ya mwisho ya wanaonipinga. Watasema: "Olunga ni mmoja katika mamilioni. Wengi wenu hamtaona Japani ila kwenye ramani ya jiografia." Ni kweli, nakubali bila kubisha. Lakini hoja hiyo inanisaidia mimi, haiwasaidii wao. Ikiwa wengi wetu hatutacheza popote baada ya hapa, basi uwanja wa shule ndio uwanja wetu wa mwisho. Ndio mahali ambapo mvulana mwoga hujifunza kuitisha pasi, msichana mpole huwa nahodha wa netiboli na kuamrisha watu kumi wakubwa kuliko yeye, na wote hujifunza kushindwa bila kurusha mawe. Hayo hayafundishwi kwa chaki. Na mwili uliokaa kitini tangu alfajiri hadi usiku wa prepu unachoka, na akili iliyomo ndani yake inachoka nao.

Kupinga bila kutoa njia ni domo tupu, kwa hivyo natoa njia. Kwanza, kidato cha nne warudishiwe michezo siku tatu kwa juma, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Siku mbili zilizobaki ziwe za marudio. Pili, anayeshuka alama chini ya zile alizopata muhula uliopita abaki darasani siku zote tano hadi apande tena. Kila mtu apimwe kwa alama zake mwenyewe, maana aliyetoka D akafika C amefanya kazi kuliko aliyekaa kwenye B akisinzia. Tatu, na hili ndilo nililolichukua moja kwa moja kutoka Japani, tuwe na ligi yetu ya madarasa: kila darasa licheze na kila jingine mara mbili, muhula wa kwanza na wa pili, na jedwali libandikwe ubaoni nje ya jumba la kulia. Timu ikifungwa leo, Jumamosi ijayo ina nafasi ya kujikomboa. Pembeni mwa jedwali hilo libandikwe jingine la wastani wa masomo wa kila darasa. Tuone ni darasa gani litaongoza yote mawili. Naapa hakuna darasa litakalokubali kuvuta mkia mbele ya wasichana wa 3 Mashariki.

Mwalimu mkuu, walimu wetu wapenzi, sisi si wapinzani wenu. Tunajua mnataka tupite, na jina la shule ling'ae gazetini. Nasi twataka hivyo hivyo. Ila tunaomba mtupime kwa msimu mzima kuanzia kidato cha kwanza, mtuchape kwa marudio tukizembea mapema, na msingoje hadi dakika za nyongeza ndipo mfunge uwanja. Kama ligi nzima ilivyoweza kumchagua mchezaji bora kutoka timu ya saba kwa kuangalia kazi yake ya mwaka, shule yetu nayo inaweza kumwangalia kila mwanafunzi na kazi yake, badala ya kuwafungia wote ndani kwa ajili ya wachache.

Aliye na maoni tofauti asinisubiri nje ya jumba la kulia. Aandike, jarida lina kurasa. Nami namwomba Mwalimu wa Michezo, akiisoma makala hii, asiiweke kabatini: mkutano wa walimu uko mwisho wa mwezi, na ratiba ya mwakani bado haijapigwa chapa.