Mlipa simu naye aonyeshwe hesabu



Naomba nafasi katika gazeti letu hili nitoe dukuduku langu kuhusu mitambo inayounganisha simu na kukata pesa zetu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja wilayani Rungwe, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka Tukuyu mjini. Si mtaalamu wa mitambo. Lakini nafundisha hesabu, na neno nililo nalo ni la hesabu.

Wakati wa masika, na anayeijua Rungwe anajua masika yetu yalivyo, bibi mmoja jirani yangu alinijia shuleni amejifunika mfuko wa mbolea kichwani kwa ajili ya mvua. Mkononi alikuwa na simu yake ya kitochi ameifunga ndani ya nailoni. "Mwalimu," akasema, "hebu niangalizie simu hii. Tangu jana inalia tu. Ni wale wezi wa ile pesa itume kwenye namba hii. Nifanyeje waniache?"

Nikaifungua. Zilikuwapo simu kumi na moja ambazo hakuzipokea, kila moja na namba yake, na zote namba za hapa hapa nchini, za 06 na 07. Nikamsifu kwa kutopokea. Tena nikamsaidia kuzipeleka namba mbili tatu kwenye 15040, ile namba iliyotangazwa ya kupokea taarifa za matapeli. Akaenda zake ameridhika.

Hawakuwa matapeli. Alikuwa ni mwanawe, dereva huko Dubai, anampigia mama yake. Mume wa bibi huyu alikuwa amelazwa na kidonda cha mguu kilichotokana na kisukari, na madaktari walikuwa wamewashauri ndugu wamhamishie hospitali ya rufaa Mbeya. Mwenye uwezo wa kugharamia safari na matibabu alikuwa kijana huyo, na bila neno la mama yake asingeweza kujua pesa azitume kwa nani na lini. Siku mbili zikapita hivyo. Siku ya tatu rafiki yake wa Dar es Salaam ndiye aliyenipigia mimi, nami nikakimbia kwa bibi. Mzee alipelekwa Mbeya, akapona, lakini mguu ulikatwa chini ya goti. Sidai kwamba simu ndiyo iliyoukata mguu. Nasema tu kwamba siku mbili zilipotea, na hakuna aliyezilipia isipokuwa familia hiyo.

Baadaye niliongea na kijana mwenyewe nikamwuliza ilikuwaje simu ya Dubai ionekane ni ya Tanzania. Akanieleza kwamba nchi ile kwa miaka mingi imezuia simu za WhatsApp, na hata isingezuia, mama yake ana kitochi. Kwa hiyo yeye na wenzake hununua kadi za bei rahisi za kupiga kupitia intaneti. Akaongeza jambo lililonishangaza zaidi: kila alipopiga, yeye alisikia simu inalia tu, hakuna aliyepokea, lakini kadi ilikuwa inaliwa. Kadi nzima iliisha bila kuongea na mtu.

Mhariri, nilitaka kujua mambo haya yanatokeaje, nikasoma na kuwauliza wenye ujuzi. Simu ya namna hiyo haiendi moja kwa moja. Sauti hukatwakatwa vipande na kupitishwa kwenye intaneti, na kampuni iliyouza kadi huwa na programu ya kuchagua njia. Programu hiyo inaangalia bei: ni dalali gani anapeleka simu Tanzania kwa senti chache kuliko wote? Inampa huyo. Dalali huyo naye ana programu kama hiyo, naye anatafuta wa rahisi kuliko yeye. Mwisho wa mlolongo huo anakaa mtu na kisanduku kilichojaa laini za simu za Tanzania. Simu inaingia kwake kwa intaneti, inatoka kwa laini ya ndani, kama vile imepigwa kutoka Kiwira au Kyela. Laini hubadilishwa kila mara ili asigunduliwe, ndiyo maana bibi aliona namba kumi na moja.

Faida yake iko wapi? Iko kwenye tofauti ya bei. Ada ambayo kampuni moja ya simu humlipa mwenzake ili apokee simu ya ndani ilikuwa shilingi 112 kwa dakika hadi mwanzoni mwa mwaka 2013, ikashushwa kuwa shilingi 34.92, mwaka 2018 ikawa 15.60, na kufika mwaka 2022 ikawa shilingi 2. Ni jambo jema kwetu sisi wapigaji wa ndani. Lakini simu inayotoka nje hulipiwa ada kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Mwenye kisanduku anaivisha simu ya nje kanzu ya simu ya ndani, anaweka tofauti mfukoni.

Na kule kuliwa kwa kadi kabla ya kupokelewa? Mitambo ya simu huanza kuhesabu inapopata ishara kwamba mpigiwa amepokea. Dalali asiye mwaminifu huirudisha ishara hiyo mapema, simu ingali inalia, au hata haijalia. Programu ya kutoza inaiamini ishara bila kuuliza. Haijui kwamba upande wa pili kuna mama anayeiangalia simu kwa hofu.

Sasa nifike penye hoja yangu. Serikali yetu iliuona wizi huu zamani. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilifungiwa mtambo wa kuhakiki mawasiliano ya simu, unaojulikana kama TTMS, na Januari 2019 mtambo huo ukakabidhiwa rasmi mikononi mwa Mamlaka. Kazi zake ni pamoja na kuhesabu simu zinazoingia kutoka nje ili taifa lipate mapato yake, na kuwabaini wenye visanduku. Napongeza kwa moyo wote. Kampuni nazo zina mitambo yao na wahasibu wao. Basi dola ina kipimo, kampuni ina kipimo. Mkulima wa chai wa Katumba au muuza parachichi wa Kyimo, ambaye ndiye anayezitoa shilingi zote hizo zinazohesabiwa, kipimo chake kiko wapi?

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, na kampuni sitaitaja. Jioni moja niliweka shilingi 1,000, nikampigia mwalimu mwenzangu simu ambayo ilikatika mara tatu. Kila mara tuliishia kwenye "haloo, haloo". Nilipotazama salio nikakuta shilingi 300. Nikapiga 100, huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu dada mmoja mwenye sauti nzuri akaniambia, "Mfumo unaonyesha umetumia." Nikamwuliza nimetumiaje. "Mfumo unaonyesha umetumia." Mhariri, hapo mfumo ndiye mwuzaji, ndiye shahidi, ndiye na hakimu! Najua nina haki ya kulalamika kwa kampuni, na nisiporidhika nifike Mamlaka, ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya. Lakini kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni karibu kilomita 70. Nani atapanda gari kwenda na kurudi kwa ajili ya shilingi 700? Na wizi au kosa la namna hii linaishi humo humo, kwenye kiasi ambacho hakuna mtu atakayekipandia gari.

Wiki iliyofuata niliwapa Darasa la Sita hesabu. Tuseme kampuni inatoza shilingi 120 kwa dakika, na inahesabu dakika nzima nzima. Mtu ameongea sekunde 61. Atalipa kiasi gani? Wakajibu 240. Je, kama angetozwa kwa sekunde, shilingi 2 kila sekunde? Wakajibu 122. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma akanyoosha kidole: "Mwalimu, zile sekunde 59 nyingine zimekwenda wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa, zaidi ya kumwambia akae.

Wazee wa hapa wanasimulia kwamba enzi za Shirika la Posta na Simu mtu alikwenda posta Tukuyu, akaandikisha namba, akasubiri aitwe. Ilikuwa taabu, sikatai. Lakini dakika tatu zilipokwisha sauti ya mwunganishaji iliingia katikati ikakuuliza kama unaendelea. Ulijua unalipia nini kabla hujalipa. Mitambo ya kujiunganisha yenyewe, tunasoma katika historia, ilibuniwa na Mmarekani Almon Strowger aliyeipatia hataza mwaka 1891. Alikuwa mfanyabiashara wa mazishi, na inasimuliwa kwamba alimshuku mwunganishaji wa mjini kwake kuwa anawapeleka wateja wake kwa mshindani. Basi mtambo ulizaliwa kwa sababu mlipaji hakumwamini mwenye kuchagua njia. Leo mwenye kuchagua njia ni programu, na mlipaji hana hata uso wa kuutilia shaka.

Hatuombi kibuniwe kitu kigeni. Kila simu inapopigwa mtambo huandika mstari mmoja: nani amepiga, amempigia nani, imepokelewa saa ngapi, imekwisha saa ngapi, imepita njia gani. Programu nyingine husoma, hutazama bei, hukata. Mstari huo tayari upo. Tunachoomba ni kuusoma. Mtu abonyeze tarakimu chache kwenye kitochi, bure, aone simu zake kumi za mwisho kwa Kiswahili: namba, sekunde, shilingi, na kama imekatwa kwenye kifurushi au kwenye salio. Tumekwisha kuona kwamba inawezekana, kwani ukipiga *106# unaonyeshwa laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na bibi wa kitochi anaweza.

Najua wapo watakaonijibu kwamba kampuni zina programu za simu janja ambamo mteja huona matumizi yake. Vizuri. Anayeweza kununua simu janja na bando la kufungulia programu hiyo si yule ninayemsemea.

Pili, simu ikikatika ndani ya sekunde chache za kwanza, programu irudishe ilichokata, yenyewe, bila mtu kuomba. Wasituambie ni kazi ngumu. Ijumaa ya tarehe 2 Aprili 2021 wananchi tuliamka tukakuta vifurushi vimebadilika nchi nzima, tukapiga kelele, na serikali ikaagiza vya zamani virudishwe. Programu iliyoweza kugeuza bei za mamilioni ya watu usiku mmoja haiwezi kushindwa na shilingi 20 za simu iliyokatika.

Kuhusu simu za kutoka nje nazungumza kwa tahadhari, maana dalali wengine wako mbali na mkono wa sheria zetu. Lakini laini inayopiga mamia ya simu kwa siku, haipigiwi hata moja, haisogei kutoka mnara mmoja, inajulikana kwa tabia yake. Programu za kuitambua zipo, na kampuni zinapaswa kuifunga siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi. Na Mamlaka, ambayo hupima ubora wa huduma za simu na kutoa taarifa, ije ipime na huku: Masoko, Ikuti, Suma, penye milima na mvua. Wapige simu mia, wazihesabu kwa saa yao wenyewe, kisha walinganishe na kilichokatwa. Matokeo yabandikwe kwenye ofisi za kata, wilaya kwa wilaya, kampuni kwa kampuni.

Vijana wetu nao wasikae kungoja mitambo ya kununua. Tangu mwaka 1999 ipo programu ya kuunganisha simu iitwayo Asterisk, aliyoianzisha Mmarekani Mark Spencer, ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua bure, kuifungua na kuibadilisha. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia pale Mbeya wanaweza kujifunzia humo jinsi simu inavyochaguliwa njia na jinsi inavyotozwa, wakatutengenezea sisi walimu hata mfano mdogo wa kufundishia. Yule msichana wa kiti cha nyuma ningempeleka huko kesho.

Bibi jirani yangu bado hapokei namba asizozijua, na siwezi kumlaumu. Mwanawe sasa, kabla ya kupiga, ananitumia mimi ujumbe. Mimi namtuma mtoto wa Darasa la Tano, anakimbia bondeni na kupanda hadi migombani kumwambia bibi, "Itakayolia sasa hivi, pokea."

Mwalimu wa Kijijini,
Tukuyu, Rungwe.